Mwalimu Achore Kila Siku

Katika maarifa yote anayohitaji mwalimu wa shule ya msingi, uchoraji ndio unaosifiwa sana na kutendwa kidogo. Vitabu vya mbinu za kufundishia vinatuambia kwamba mtoto hujifunza kwa kuona. Kila andalio la somo lina nafasi ya zana. Na kila mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hubeba kwapani karatasi za manila zilizochorwa kwa wino wa rangi. Hata hivyo, mwanachuo huyo huyo akiombwa na mtoto wa darasa la pili amchoree ubaoni mbuzi aliyelala, papo hapo, pasipo kitabu cha kunakili, mara nyingi husita, hutabasamu, kisha huandika neno "mbuzi" na kuendelea na somo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hali iko hivyo, na kupendekeza dawa isiyohitaji fedha nyingi wala kibali cha mtu yeyote: mwalimu ajizoeze kuchora vibonzo kila siku, kwa ridhaa yake, katika daftari lake mwenyewe.

Tunasema vibonzo kwa makusudi. Picha ya rangi hutaka muda, mwanga, kivuli na utulivu, nayo hutazamwa na mtu asimamaye karibu. Kibonzo hutaka mistari michache iliyo wazi, ieleze jambo moja kwa mara moja, na ionekane hata na aliyekaa mbali. Sasa tujiulize: mwalimu mwenye kipande cha chaki, ubao uliofifia, kipindi kifupi na watoto waliojaa hadi ukuta wa nyuma, anahitaji ipi kati ya sanaa hizi mbili? Ni dhahiri kwamba anahitaji ya pili. Lakini mwanachuo anapofikiria uchoraji, hufikiria ile ya kwanza, huiona iko mbali kama kilele cha mlima, na huamua mapema kwamba yeye si mchoraji.

Hali ilivyo madarasani

Twatoa mfano wa mahali tunapopajua. Mshangano ni kata mojawapo ya Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma. Watoto wengi waingiao darasa la kwanza huko wametoka katika nyumba zenye mazungumzo mengi na vitabu vichache. Wanajua kusimulia, wanajua kumtambua ng'ombe wa jirani kwa mwendo wake, wanajua kubashiri mvua kwa kutazama mawingu upande wa Matogoro. Macho yao yamekwisha kufunzwa kabla hawajafika shuleni. Shule ndiyo inayoyasahau macho hayo pale inapowapa herufi na tarakimu zisizofungamana na kitu chochote walichopata kukiona.

Mwanachuo afikapo mbele ya watoto hawa na karatasi zake za manila, tunaona kasoro tatu. Kwanza, mara nyingi hakuzichora yeye. Katika kila bweni yupo mwenye mkono mwepesi, na wenzake humlipa au humfulia nguo ili awachoree. Hivyo alama za zana humwendea aliyelipa, na ustadi hubaki kwa aliyelipwa. Pili, karatasi iliyochorwa jana hujibu swali lile tu ambalo mwalimu alilitazamia. Mwalimu amebandika picha ya samaki. Mtoto anauliza samaki huyo anapumuaje. Picha haiwezi kufungua mdomo na kuonyesha maji yanavyoingia na kutokea kwenye matamvua. Chaki ingeweza. Tatu, karatasi hizo hazidumu. Mkufunzi akishaondoka zinakunjwa, zinawekwa chini ya kitanda, na mchwa humalizia kazi.

Yako mambo mazuri katika karatasi za manila, nasi hatusemi zitupwe. Ramani, jedwali la silabi na mchoro wa mwili wa binadamu hufaa kubandikwa ukutani mwaka mzima. Tunalopinga ni dhana kwamba karatasi hizo ndizo uchoraji wa mwalimu, na kwamba aliyezipata amemaliza.

Kibonzo kilivyohusiana na ualimu

Huenda msomaji akaona kwamba vibonzo ni mambo ya magazeti, na kwamba kuviingiza chuoni ni kushusha hadhi ya kazi yetu. Historia inasema vingine.

Rodolphe Töpffer alizaliwa Geneva, katika nchi ya Uswisi, mwaka 1799. Baba yake alikuwa mchoraji wa picha za rangi, naye alitamani kumfuata; lakini macho yake yalikuwa mabovu, akaingia katika ualimu na kuendesha shule ya bweni mjini humo. Katika saa zake za mapumziko alichora hadithi za kuchekesha kwa mistari myepesi ya kalamu, kisanduku baada ya kisanduku, na chini ya kila kisanduku akaandika maneno machache. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa wanafunzi wake na rafiki zake. Hadithi ya kwanza aliichora mwaka 1827. Goethe, mshairi mkuu wa Ujerumani, alipozitazama hadithi hizo akazisifu, mwalimu huyu akapata moyo, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1833. Leo wengi waandikao historia ya vibonzo humhesabu Töpffer kuwa baba wa hadithi za picha. Kwa hiyo sanaa tunayoidhania kuwa ya mzaha ilitoka mikononi mwa mwalimu mwenzetu, aliyechora kwa kujifurahisha baada ya kazi.

Mwaka 1845 Töpffer alitoa maandishi kuhusu uchoraji wa nyuso, na hoja yake yafaa kumfariji kila asemaye kwamba hana kipaji. Alisema, kwa ufupi, kwamba uso wowote uchorwao, hata ukiwa mbovu kiasi gani, haukosi kuwa na hali fulani: utaonekana mjinga, au mkali, au mwenye huzuni. Basi mchoraji achore uso mmoja, kisha abadili mstari mmoja tu, nyusi au pembe ya mdomo, aone umekuwa nani. Akirudia zoezi hilo mara nyingi atajua mstari upi huleta hasira na upi huleta furaha, hata kama hakuwahi kuingia katika chuo cha sanaa. Mwanachuo anaweza kulijaribu jambo hili leo jioni kwa duara, nukta mbili na mstari mmoja.

Karibu na kwetu yuko Terry Hirst, aliyefundisha sanaa nchini Kenya kabla ya jina lake kuenea kwa vibonzo. Mwaka 1973 yeye na Hilary Ng'weno walianzisha gazeti la Joe, lililowachekesha wakazi wa Nairobi huku likiwaonyesha walivyo. Hapa tena kalamu ya kibonzo na chaki ya mwalimu zilikuwa katika mkono mmoja.

Desturi ya kila siku

Kinachomtofautisha mchoraji wa vibonzo na mtu mwingine ni desturi kuliko kipaji. Tumtazame Edward Gitau wa Kenya. Mhusika wake, Juha Kalulu, alianza kuonekana magazetini katika miaka ya 1950, akaja kuwa mwenyeji wa gazeti la Taifa Leo, na Gitau akaendelea kumchora kwa zaidi ya nusu karne. Mtu hawezi kufanya kazi hiyo kwa kungojea moyo umsukume. Huifanya kwa sababu kesho gazeti litatoka, na nafasi yake haiwezi kuachwa wazi. Mwalimu naye ana gazeti lake litokalo kila siku, nalo ni ubao. Tofauti ni kwamba wasomaji wake hawakulinunua, na hawawezi kuliweka kando likiwachosha.

Wala haidhaniwi kwamba lazima mtu aache kazi nyingine ndipo achore. Masoud Kipanya, ambaye Watanzania wengi wanamjua kwa vibonzo vyake, wanamjua pia kwa sauti yake redioni. Mtu anaweza kuwa na kazi inayomshika siku nzima, na bado kalamu ikapata nafasi yake.

Kwa mwanachuo, twapendekeza utaratibu huu mwepesi.

Kwanza, awe na daftari moja la kawaida la kurasa 96, na kila siku ajaze ukurasa mmoja, pamoja na tarehe. Asichane ukurasa hata ukimwaibisha, kwa kuwa ukurasa wa aibu ndio utakaomwonyesha baada ya miezi mitatu ametoka wapi. Kwa mwendo huo daftari litakwisha katika muhula mmoja, na kwa mwaka atakuwa na michoro 365. Hakuna kozi ya uchoraji chuoni iwezayo kumpa mazoezi mengi kiasi hicho.

Pili, atenge dakika 10, na ziwe saa ile ile kila siku, ama kabla ya kwenda mstarini asubuhi, ama baada ya chakula cha jioni. Desturi isiyo na saa hufa kwa wiki moja.

Tatu, asitumie raba. Mstari uliokosewa uachwe ulipo, na mwingine uchorwe kando yake. Mwenye kufuta hujifunza kufuta. Tena mbele ya darasa hakuna nafasi ya kufuta mara tano huku watoto wakipiga kelele.

Nne, achore kwa kutazama kitu chenyewe, asinakili picha ya kitabuni. Baada ya mwezi mmoja azidishe ugumu: amtazame kuku kwa muda mfupi, kisha ageuke, amchore kwa kumbukumbu. Zoezi hili ndilo lenye manufaa makubwa kwa mwalimu, kwa sababu darasani kuku hatakuwapo.

Tano, apunguze mistari. Mchoro uliotumia mistari 20 aurudie kwa mistari 10, halafu kwa mistari 5, na aangalie ni kitu gani kisichoweza kuondolewa. Kuku asiye na manyoya bado ni kuku. Asiye na mdomo na kishungi ana mashaka. Kujua kipi kibaki ndiko kujua kuku ni nini, na hapo mchoraji tayari anaandaa somo la sayansi.

Mara moja kwa juma, madarasa yanapokuwa matupu, aende ubaoni na chaki. Mkono wa chaki ni tofauti na mkono wa penseli: penseli huongozwa na vidole, chaki huongozwa na bega. Achore kwa ukubwa, kisha atembee hadi dawati la mwisho atazame. Kama mbuzi anaonekana kama meza, mtoto wa nyuma ataona meza pia.

Mambo ya kuchora hayakosekani

Wako wanaolalamika kwamba hawajui wachore nini. Aliye Mshangano hana haki ya kulalamika hivyo. Jumatatu amchore mwanamke aliyejitwika debe la mahindi kwenda mashineni, na shingo yake ilivyonyooka. Jumanne achore kijana wa bodaboda aliyelala juu ya pikipiki yake akingoja abiria. Jumatano achore watoto wawili wakichota maji, mmoja mkubwa na ndoo ndogo, mwingine mdogo na ndoo kubwa. Alhamisi achore mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma akifikia jani. Ijumaa achore viatu vilivyopangwa mlangoni pa nyumba yenye wageni. Masika yakifika achore namna watu wanavyovuka tope, kila mmoja kwa hatua yake. Wakati wa mavuno achore magunia na wanaoyashona.

Anayechora hivi kwa mwaka mzima atapata jambo jingine zaidi ya ustadi wa mkono: atawafahamu watu anaokwenda kuwafundishia watoto wao. Mwalimu mgeni huweza kukaa kijijini miaka miwili asijue maji yanachotwa wapi wala nani anayeyachota. Mwenye daftari hawezi kukaa hivyo, kwa kuwa daftari humlazimisha kutazama. Na mtoto aonapo ubaoni ndoo inayofanana na ndoo ya kwao, huelewa mara moja kwamba hesabu inayofuata inamhusu.

Kutoka daftarini hadi ubaoni

Tuchukue mifano michache ya matumizi. Katika somo la sayansi, maisha ya mbu yana hatua nne: yai, kiluwiluwi, pupa na mbu kamili. Hatua hizi ni hadithi ya visanduku vinne. Mwalimu achore kisanduku cha kwanza, kopo lililotupwa lenye maji ya mvua, kisha aulize darasa, "Baada ya hapa inakuwaje?" Watoto watabashiri, naye achore kisanduku cha pili mbele ya macho yao. Wakifika cha nne, wanajua pia la kufanya na kopo lile. Karatasi ya manila ingewaonyesha visanduku vyote kwa pamoja, na fumbo lingekuwa limekwisha kabla ya kuanza.

Katika Hisabati, swali la maneno humshinda mtoto mara nyingi kwa sababu haoni tukio. Michirizi michache humpa tukio: mama, fungu la maembe, mteja aliyenyoosha mkono. Katika Kiswahili, kibonzo kisicho na maneno ni kichocheo cha insha kuliko kichwa cha habari kilichoandikwa ubaoni. Katika jiografia, mwalimu wa Songea aweza kuuanza Mto Ruvuma kwa chemchemi kule Matogoro, akauburura kwa chaki hadi Bahari ya Hindi, akiweka njiani kiboko, mtumbwi na mpaka wa Msumbiji. Watoto watausafiri mto wote kwa dakika tano.

Vilevile twapendekeza kila mwalimu awe na mhusika wa darasa, yaani kiumbe kimoja cha kubuni kinachorudi katika masomo mbalimbali. Faida ya mhusika wa kudumu tunaijua kutokana na gazeti la Sani, lililoanzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, likachukua jina lake kutoka silabi za kwanza za majina yao. Humo ndimo Philip Ndunguru, ambaye jina la ukoo wake linajulikana sana huku Ruvuma, alipowachora Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Ndunguru alifariki akiwa bado kijana, katika miaka ya 1980; wahusika wake waliendelea kuchorwa na wasanii wengine, na wasomaji waliendelea kuwafuata kama jamaa zao. Mhusika huwa hai kwa sababu msomaji anajua tabia yake, hivyo hutaka kujua atafanya nini leo. Sungura mvivu wa kuhesabu, achorwaye kwenye kona ya ubao kila Jumatatu, akikosea jumla na kuwaomba watoto wamsahihishe, atafanya kazi ambayo maonyo ya mwalimu hayawezi kuifanya.

Mpaka wa mzaha

Hapa yapasa kutoa onyo. Kibonzo kina makali, na makali yanaweza kumkata asiyestahili. Mwalimu asimchore mtoto hata mara moja kwa kumcheka: wala masikio yake, wala nguo yake iliyochanika, wala unene wake. Kicheko cha darasa hupita kwa dakika moja, lakini mtoto yule hukumbuka mchoro huo hadi uzeeni.

Wachoraji wakubwa wametuonyesha njia iliyo salama. Katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alimchora Chakubanga, mtu wa kawaida mwenye visa na vituko. Wasomaji walimcheka Chakubanga, kisha wakajiona wenyewe ndani yake, wala hakuna mtu fulani wa mtaani aliyeaibishwa. Mwalimu naye amcheke sungura, amcheke fisi, na akipenda ajicheke mwenyewe, miwani yake na mwendo wake. Watoto humheshimu zaidi mtu mzima awezaye kujicheka.

Aidha, yako mambo ambayo kibonzo hakina budi kuyakaribia kwa adabu. Mtoto wa Songea hujifunza habari za Vita vya Majimaji, vya mwaka 1905 hadi 1907, na za mashujaa walionyongwa mjini kwake mwaka 1906. Mwalimu aweza kuchora ngao, mkuki, kibuyu cha maji na bunduki ya Mjerumani, ili watoto waone jinsi silaha zilivyopishana. Lakini asichore vichekesho juu ya makaburi. Ustadi wa mistari michache unafaa huzuni kama unavyofaa kicheko. Mwenye kuchora kila siku atajua kuupima.

Pingamizi zinazosikika

Wenzetu wengine husema: siku hizi kuna simu, na picha yoyote hupatikana kwa kugusa kioo, kwa nini tujitaabishe? Jibu letu ni kwamba kioo cha simu hakiwatoshi watoto wa darasa zima. Tena picha nyingi zilizomo humuonyesha mtoto nyumba, ng'ombe na soko la nchi nyingine. Kubwa zaidi, picha ya simu hufika ikiwa imekamilika. Mchoro wa chaki huzaliwa mbele ya watoto, mstari kwa mstari, na wao hufikiri pamoja nao. Simu itumike pale inapofaa, kama vile kuonyesha volkano au nyangumi. Haiwezi kuchukua nafasi ya mkono wa mwalimu.

Wengine husema hawana vifaa. Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, mkoani kwetu Ruvuma, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia mbao laini za kujengea na rangi za baiskeli. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kazi hiyo, na mtindo wake unaitwa kwa jina lake duniani kote. Daftari na penseli ni mali zaidi ya zile alizoanza nazo.

Wengine husema hawana muda. Tumekwisha kutaja dakika 10. Asiyeweza kuzipata atazame muda anaoupoteza kutafuta mtu wa kumchorea, kisha afanye hesabu.

Jambo la alama

Tumeacha mwisho suala linaloleta ubishi mkubwa. Wakufunzi wengine, wakikubali kwamba kuchora kila siku kuna faida, huona kwamba jambo hilo liwekwe katika ratiba, daftari likaguliwe kila Ijumaa na lipewe alama. Nia yao ni njema. Hata hivyo, sisi hatukubaliani nao. Daftari likipewa alama, yule mwenye mkono mwepesi bwenini atapata biashara mpya: atachora kurasa 96 za mwenzake kwa usiku mmoja, na tarehe atazibuni. Zaidi ya hayo, mwenye kuchora kwa ajili ya alama huchora kile anachokijua tayari, akiogopa kukosea. Na mchoraji asiyekosea hajifunzi. Burudani ikigeuzwa mtihani, hufa siku ile mtihani unapokwisha.

Badala yake chuo kifanye mambo mawili. Kwanza, mkufunzi amkaguapo mwanachuo darasani aangalie, pamoja na zana nyingine, kama amechora ubaoni kwa mkono wake wakati wa somo, hata kama mchoro ni mbovu. Hapo hapana wa kumlipa. Pili, wakufunzi nasi tuwe na madaftari yetu, tuyaache mezani yakiwa wazi, na mwanachuo aruhusiwe kuyacheka. Desturi huambukizwa kwa kuonekana.

Mtoto achoraye pembeni

Mwisho, tumfikirie mtoto mmoja tunayemkuta karibu katika kila darasa. Amejaza pembezoni mwa daftari la Hisabati magari, ndege na uso wa mwalimu mwenyewe. Kwa kawaida huyo huadhibiwa, na daftari lake huonyeshwa kwa wengine kama mfano wa uchafu. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 unalo somo la Sanaa na Michezo katika shule ya msingi. Lakini somo hilo haliwezi kumsaidia mtoto ambaye saa ya pili ya asubuhi amechapwa kwa lile atakaloombwa alifanye saa sita. Yeye ataamini fimbo kuliko ratiba.

Mwalimu asiyechora huona pembeni mwa daftari lile uchafu tu. Mwalimu achoraye huona kwamba gurudumu la nyuma limewekwa mahali pake, kwamba ndege ameachwa bila miguu kwa sababu anaruka, na kwamba mtoto huyu ametazama. Kwa hiyo pendekezo letu ni dogo, na kila mwalimu aweza kuliamua peke yake darasani mwake: ukurasa wa mwisho wa kila daftari uwe wa mtoto, achore humo apendavyo akimaliza kazi yake, na mwalimu asiutie kalamu nyekundu. Pembezoni patabaki safi, na macho ya mtoto yatabaki wazi.

Ndugu mwanachuo, daftari la kurasa 96 hupatikana katika duka lililo jirani na chuo. Ukurasa wa kwanza utakuwa mbovu. Uandike tarehe, uufunge, na kesho ufungue wa pili.